Futi 1,000 Kutoka Mlangoni

Wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya Ijumaa, mama mmoja alitungoja kwenye ngazi za ofisi yetu akiwa na swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Mwanawe wa pili, ambaye kwa miaka sita alikuwa akitumia unga, ameingia katika matibabu ya methadoni. Kila asubuhi, sikukuu zikiwemo, kijana huyo hutembea hadi kliniki, hunywa dozi yake mbele ya mhudumu, kisha hurudi nyumbani. Njia ni ile ile na saa ni ile ile. Katika kona ya mwisho kabla ya lango la kliniki, alitueleza mama, husimama mtu mmoja nadhifu, mwenye salamu njema, ambaye hakuwa akionekana hapo kabla ya kliniki kufunguliwa.

"Wanangu," alituuliza, "hakuna sheria ya kumkataza huyu kusimama pale? Kama ana kuuza, na auze kwengine, lakini si pale."

Tulimwomba atupe muda. Maneno yake ya mwisho yalitukaa moyoni, kwa kuwa mtu angeweza kuyacheka. Auze kwengine? Kwani kwengine hakuna watoto wa watu? Lakini tulipoyatafakari tuliona kwamba mama yule, bila ya kusoma kitabu chochote cha sheria, alikuwa amegusa jambo ambalo mabunge ya mataifa makubwa yamelibishania kwa miongo kadhaa.

Jambo la kwanza tulilomwambia tulipokwenda kumwona ni kwamba kuuza unga ni jinai kila mahali katika nchi hii. Sheria ya kudhibiti mihadarati ya mwaka 1994, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, haimpi muuzaji hata shubiri moja ya ardhi. Ilipotungwa, ilimwekea mlanguzi kifungo cha maisha, na juu yake faini ya shilingi milioni moja au mara tatu ya thamani ya dawa, kwa kutegemea ipi iliyo kubwa zaidi. Mama yetu hakuwa akiuliza iwapo kosa ni kosa. Alikuwa akiuliza iwapo kosa moja laweza kuwa zito zaidi kwa sababu ya mahali linapotendwa, na iwapo mtu anayemvizia mgonjwa mlangoni pa tiba astahili kuhesabiwa vibaya kuliko mwuzaji mwengine yeyote.

Fikra hiyo si ngeni. Mwaka 1984 bunge la Marekani lilitunga sheria ya kumwongezea adhabu kila auzaye mihadarati ndani ya futi 1,000 kutoka shuleni, yaani kiasi cha mita 305. Shule ilikuwa rahisi kueleweka, kwani hapana asiyekubali kwamba mtoto hana uwezo wa kujikinga. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kabla ya jimbo la California kukiri kwa maandishi kwamba yuko pia mtu mzima asiyeweza kujikinga, naye ni yule anayelala katika nyumba ya hifadhi kwa kuwa hana makao.

Kisa hicho kina mahali pake. Mashariki ya katikati ya mji wa Los Angeles kuna mtaa uitwao Skid Row, wenye ukubwa wa vipande vya mitaa 50 hivi. Humo zimo nyumba kongwe za misaada: Union Rescue Mission iliyoanzishwa mwaka 1891, Midnight Mission ya mwaka 1914, na nyinginezo zinazotoa chakula, kitanda na bafu kwa maelfu ya watu wanaolala mahemani na kwenye njia za waendao kwa miguu. Mwaka 1976 wakuu wa mji waliamua kwa makusudi kuzikusanya huduma za mafukara katika eneo hilo moja, ili mafukara wenyewe wakusanyike humo na wasisambae kwengine. Hatudhani uamuzi huo ulifanywa kwa ubaya mtupu. Palikuwa na watu waliotaka kuzinusuru nyumba za kodi nafuu zisibomolewe. Lakini matokeo yake ni kwamba mwenye njaa, mgonjwa wa akili, mlevi, mzee aliyefukuzwa na wanawe na kijana aliyetoka jela jana wote walielekezwa kwenye mlango mmoja.

Na penye foleni ya kila siku, muuzaji hahitaji kutafuta wateja. Anajua saa ya chakula, anajua siku ambayo hundi za msaada wa serikali hufika, na anajua nani ametoka hospitali akiwa amekaa siku kumi bila kutumia. Mwezi Machi 2006 kamera ya mojawapo ya nyumba hizo ilimnasa bibi mzee akizurura barabarani kwa gauni la hospitali na kandambili, baada ya kushushwa hapo na teksi iliyomtoa wodini. Picha ile ilizunguka nchi nzima. Hospitali iliyohusika hatuitaji, maana haikuwa peke yake katika mtindo huo. Tunamtaja bibi yule kwa sababu moja: ukitaka kujua nani anayekusudiwa na neno "mnyonge" katika sheria za namna hii, ni yeye, katika mtaa ambamo unga na kokeni huuzwa mchana kweupe hatua chache kutoka aliposhushwa.

Mwaka huo huo, Seneta Gil Cedillo, aliyekuwa akiwakilisha sehemu ya Los Angeles katika baraza la jimbo, alipeleka mswada ambao Gavana Arnold Schwarzenegger aliutia saini ukawa sheria. Sheria hiyo yasema kwamba mtu akipatikana na hatia ya ulanguzi wa heroini, kokeni, methamfetamini au dawa iitwayo PCP, na kosa hilo likawa limetendwa ndani ya uwanja wa nyumba ya hifadhi ya wasio na makao, au wa kituo cha kutibu uraibu, au katika umbali wa futi 1,000 kutoka hapo, mahakama yaweza kumwongezea mwaka mmoja juu ya kifungo chake cha asili.

Mwaka mmoja si mwingi. Wapo waliosema hivyo, na huenda msomaji wetu naye anasema hivyo sasa. Lakini sisi twavutiwa na mambo mawili yaliyomo katika maneno ya sheria yenyewe. La kwanza ni kwamba nyongeza hiyo imeachwa katika hiari ya jaji, haimlazimishi. La pili ni kubwa zaidi: sheria imeeleza waziwazi kwamba ulanguzi unaokusudiwa haujumuishi kupatikana na dawa tu, wala kuitumia. Maana yake, duara limechorwa ili kumzingira muuzaji. Mgonjwa anayelala ndani ya duara hilo, hata kama bado anatumia, duara halikuchorwa dhidi yake. Waliotunga sheria walijua kwamba kama wasingeiandika sentensi hiyo, wa kwanza kukamatwa karibu na nyumba ya hifadhi angekuwa aliyehifadhiwa. Hakimbii, hana wakili, na siku zote yupo pale pale.

Kilichotokea barabarani ni hadithi nyingine. Mnamo Septemba 2006 polisi wa Los Angeles waliongeza askari 50 katika eneo lile dogo. Wapo wakaazi waliowapokea kwa furaha, hasa wale waliokuwa wakijitahidi kuacha, na wakuu wa polisi walisema uhalifu umepungua. Lakini Profesa Gary Blasi wa Chuo Kikuu cha California mjini humo, pamoja na wenzake, waliufanyia hesabu mwaka wa kwanza wa mpango huo, wakakuta takriban hati 12,000 za makosa madogo zilizotolewa katika mtaa huo peke yake, nyingi zikiwa za watu waliovuka barabara vibaya. Mtu asiye na kitanda hupewa faini asiyoweza kuilipa. Asipoilipa hutolewa hati ya kumkamata. Na mwenye hati ya kukamatwa haendi tena kupanga foleni mahali penye askari, hata kama foleni hiyo ni ya dawa ya kumtibu. Hivyo tofauti iliyowekwa kwa uangalifu katika maandishi, baina ya auzaye na atumiaye, ilififia chini ya buti la askari aliyeambiwa alete idadi.

Kuna na suala la umbali, ambalo kwetu sisi watu wa miji ya kale si suala la kupimia vitabuni tu. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 305 lina eneo la hekta 29 hivi. Mji Mkongwe wa Lamu, ulipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, eneo lake lililohifadhiwa lilihesabiwa kuwa kiasi cha hekta 16. Nyumba moja ya hifadhi katikati ya Lamu, kwa kipimo cha California, ingeumeza mji karibu mara mbili, bahari ikiwemo. Basi mtu akiuza unga Mkomani na mwengine akiuza Langoni, wote wamo duarani. Na muuzaji ambaye adhabu yake ni ile ile akisimama mlangoni pa kliniki au akisimama mwisho wa mji hana sababu yoyote ya kuondoka mlangoni.

Wamarekani wenyewe waligundua jambo hili wakiwa wamechelewa. Jimbo la New Jersey liliweka maeneo ya shule ya futi 1,000 mwaka 1987. Tume ya jimbo iliyopitia hukumu ilitoa taarifa yake mwaka 2005, ikaonesha kwamba katika miji yenye msongamano madaira yamepandana hadi karibu mji mzima umekuwa eneo moja, na kwamba asilimia 96 ya waliofungwa chini ya sheria hiyo walikuwa watu weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kwa kuwa ndio wakaao katika miji hiyo. Matajiri wa viungani, shule zao zikiwa mbalimbali, walitenda kosa lile lile wakapata adhabu nyepesi. Mwaka 2010 majaji wa New Jersey walipewa hiari, na mwaka 2012 jimbo la Massachusetts likapunguza kipimo chake kutoka futi 1,000 hadi 300, yaani mita 91 hivi. Ndani ya mita 91 mlango wa kliniki huonekana. Muuzaji aliyesimama hapo hawezi kusema hakujua.

Waliosoma fiqhi watakumbuka hapa mlango wa harimu ya kisima. Mwenye kuchimba kisima hupewa dhiraa 40 kukizunguka, mahali pa wanyama wake kupumzika wanapokuja kunywa, na mwengine hana ruhusa ya kuchimba ndani ya mpaka huo. Kipimo hicho kilitokana na kazi ya kisima: nafasi anayohitaji mnyama mwenye kiu ili afike, anywe, na atulie. Twaona kuwa hiyo ndiyo njia bora ya kuuliza ni umbali gani mgonjwa anahitaji, kuliko kuchukua tarakimu ya duara kwa kuwa inakumbukika kwa urahisi.

Na sisi Kenya tuko wapi katika hayo? Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya biashara haramu ya mihadarati, uliopitishwa Vienna mwezi Desemba 1988, na ambao nchi yetu ni mwanachama wake, unazitaka mahakama zitazame baadhi ya hali kuwa zinaongeza uzito wa kosa. Miongoni mwa hali hizo imetajwa ile ya kosa kutendwa jela, katika taasisi ya elimu, au katika kituo cha huduma za jamii, au karibu na mahali hapo. Kituo cha huduma za jamii: maneno hayo yanatosha kuikusanya nyumba ya hifadhi na kliniki ya methadoni pamoja. Kwa hiyo mwendesha mashtaka akimpeleka mahakamani mtu wa ile kona, hakuna aibu wala ugeni katika kumwambia hakimu: mshtakiwa huyu alichagua kusimama hapa, kwa sababu hizi. Tungependa kusikia jambo hilo likisemwa mara nyingi zaidi katika mahakama zetu za Pwani, maana gramu huhesabiwa kila siku, lakini mahali hutajwa kama anwani tu.

Nyumba za hifadhi za namna ya Los Angeles sisi hatunazo za kutosha hata kuzihesabu. Wasio na makao wetu hulala kwenye baraza za maduka baada ya kufungwa, nyuma ya masoko ya samaki, katika magofu, na wengine kwenye viambaza vya misikiti yetu wakingojea alfajiri. Tunawaita mateja, na tukishawaita hivyo huona tumemaliza habari zao. Hifadhi yao ya kweli ni vile vituo vichache wanavyopata kuoga, kufungwa vidonda na kupewa uji, pamoja na kliniki za methadoni kama za Malindi, Kisauni na Kombani. Sheria yoyote ya mahali, kwetu, yapasa ianzie hapo.

Tena yapasa ianze kwa kumjua mgonjwa wa methadoni alivyo. Dawa hii haimlevyi mtu aliyepimiwa dozi yake sawasawa. Humwondolea arosto, ile tabu ya mifupa, jasho na matumbo inayomrudisha mtu kwa muuzaji hata akiwa amelia na kuapa. Kazi yake hutegemea kuja kila siku. Akikosa siku kadhaa, mwili unaanza kudai, na wa kona anajua kuhesabu siku hizo vizuri kuliko sisi jamaa zake. Hatari nyingine ni ya kifo. Mwili uliopumzika na heroini hauwezi tena kustahimili kipimo cha zamani, na kijana anayerejea kwa mara moja tu, kwa kipimo alichokizoea, aweza asiamke. Huyo ndiye mtu anayenong'onezwa pale kwenye kona: "Leo ya bure."

Kwa sababu hiyo hiyo tunaogopa msako wa jumla kama tunavyomwogopa muuzaji. Lori la polisi likija karibu na kliniki na kubeba kila aliye mwembamba na mwenye nguo chafu, kesho yake kliniki itakuwa tupu, naye wa kona, aliyevaa vizuri, atakuwa amesimama pengine akingoja vumbi litue. Tunalosema si kwamba askari wasije. Waje, wamjue wanayemtafuta, na wakubaliane na wauguzi kuhusu saa na njia, ili mwenye kwenda kunywa dozi asishikwe katikati.

Nasi tuna letu, ambalo hakuna sheria itakayotufanyia. Mtu wa kona si mgeni. Tulipomwuliza mama yule kama anamfahamu, alinyamaza kidogo, akasema ni mtoto wa watu, na kwamba mwaka jana alitoa mbuzi wawili katika harusi ya mtaa huo. Sisi tuliokuwapo tulitazamana. Wangapi kati yetu wamekula katika harusi kama hiyo? Wangapi wamepokea mchango wa madrasa bila kuuliza? Mtaa mzima wamjua, wamwamkia, na ukiitwa kutoa ushahidi mtaa huo huo haukuona kitu. California inaweza kuongeza mwaka, na Vienna inaweza kuandika kifungu, lakini hakimu hamfungi mtu kwa mahali alipokuwa amesimama kama hakuna aliyethubutu kusema alisimama hapo.

Tulimweleza mama yote haya, kwa ufupi kuliko tulivyoyaandika. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali la pili, ambalo kwake lilikuwa kubwa kuliko la kwanza: "Na wakija, mwanangu watamtambua kuwa ni mgonjwa?"

Hatukuweza kumhakikishia. Tulimwambia kwamba tutakwenda pamoja naye kumwona msimamizi wa kliniki, kisha chifu, na kwamba ombi letu litakuwa na mambo mawili yasiyotenganishwa: mtu wa kona aondolewe, na wanaopita kwenda kunywa dozi wasiguswe. Alitaka kujua ni siku gani. Tulipomwambia Jumatatu saa tatu, alisema saa tatu ni kuchelewa, kwani mwanawe hupita hapo saa moja na nusu, na yeye siku hizi humfuata nyuma kwa mbali, akiwa na kikapu mkononi kama mtu aendaye sokoni, mpaka amwone ameingia ndani ya lango.

Tumekubaliana saa moja na nusu.